Mtoto Afike Shule Salama

Mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma. Sheria ya mwaka 2010 inasema hivyo. Lakini atasoma vipi asipofika shule?

Karibu na Kariakoo, Dar es Salaam, ipo Shule ya Uhuru Mchanganyiko. Watoto wasioona husoma hapo pamoja na wenzao. Asubuhi Kariakoo watu hugombea daladala. Mtoto mwenye magongo husukumwa akaanguka, au huachwa kituoni. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, sakafu yake iko sawa na ya kituo. Daladala ina ngazi.

Kwa hiyo tusaidie sisi. Mtoto apande kwanza. Asiyeona akushike mkono; usimvute. Mwenye kifafa akae mbali na mlango. Dereva asiondoke kabla mtoto hajakaa. Anayemwacha mtoto kituoni amemnyima elimu.