KIBAO CHA SHINGONI

Wiki hii naungama. Nicheke, lakini nisikilize kwanza.

Nilipoanza kufundisha ung'eng'e katika shule moja pale Tabora, nilikuwa mnoko kweli. Nilikuwa na kibao chenye kamba. Ukinaswa unaongea Kiswahili, unakivaa mpaka umnase mwenzako. Kijana mmoja wa fomu wani, mkali wa hesabu, alikivaa mara tatu kwa wiki moja. Wiki ya pili akapata dawa: akafunga mdomo. Haulizi, hajibu. Muhula uliofuata hakurudi. Mama yake akanikuta sokoni. "Mwalimu, mwanangu nyumbani ni msemaji sana. Kwako mlimfanyeje?" Sikuwa na jibu, kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza.

Miaka ikapita, nikapanda treni kwenda Dar kusotea digrii ya pili: namna ya kumfundisha Kiingereza mtu asiyezaliwa nacho. Nilidhani nitafundishwa kuongea kwa puani. Wapi! Somo kubwa lilikuwa hili: lugha mpya inajengwa juu ya ile uliyo nayo. Mtoto aliyezoea kuuliza na kubisha kwa Kiswahili anahamia na mali hiyo kwenye Kiingereza. Ukimnyang'anya, unamwacha mikono mitupu.

Na si siri mpya. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima wanafunzi wetu, wakakuta wengi hawaelewi masomo kwa Kiingereza. Halafu, shika kiti, wakashauri Kiingereza hicho hicho kiendelee!

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kulijua hili bila profesa. Mji wetu, enzi hizo ukiitwa Kazeh, ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walipopita mwaka 1857, Speke aliongea Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa India. Bombay akageuza kwa Kiswahili, wapagazi wakaelewa. Hakuna aliyevishwa kibao, na mwaka 1858 msafara ukafika Ujiji. Hata Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na kufundisha St. Mary's hapo hapo, alikijua Kiingereza mpaka akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Kiswahili chake hakikumzuia, ndicho alichotafsiria.

Sisemi tukitupe Kiingereza. Kazi zinakitaka, na wewe unakitaka. Ila siku hizi darasani kwangu wanafunzi wanajadili kwanza kwa Kiswahili, wawili wawili, dakika tano. Wakielewa ndipo wanasimama kusema kwa Kiingereza. Wanakosea, wanacheka, wanarudia. Kelele tupu, na mimi nazipenda.

Yule kijana? Nilimkuta stendi ya Tabora, anauza asali. Akanihesabia chenji chap chap, hakukosea hata senti.

"Shikamoo mwalimu. Bado unafundisha?"

"Marahaba. Nafundisha, ila kile kibao nilikichoma."

Akanitazama kidogo, akacheka. Lakini bei ya asali hakupunguza, na sikuthubutu kuomba.

Tukutane wiki ijayo.