Kutoka mizani ya pamba hadi ya dhahabu: Geita na somo la Paul Bomani

Wapigania uhuru wa Tanganyika wakitajwa, wengi wanaanza na Nyerere na kuishia hapohapo. Kanda ya Ziwa nayo ilikuwa na Paul Bomani, na vita yake ilianzia kwenye mizani.

Alianzaje?

Bomani alizaliwa mwaka 1925 Musoma. Kero aliyoishika ilikuwa ya wakulima wa pamba: kupunjwa uzito na wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama chao kiliweka watu wake wa kukagua mizani. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika, Victoria Federation of Co-operative Unions.

Kati ya 1954 na 1958 wakoloni waliizuia TANU Usukumani. Ushirika ukabaki sehemu halali ya watu kukutana na kujipanga.

Geita 1958

Mwaka huo wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi, wakiamini linawapa wageni sauti kubwa kuliko idadi yao. Waliandamana mpaka Mwanza, wakapigwa mabomu ya machozi. Kabla mwaka haujaisha, TANU ikaruhusiwa. Baada ya uhuru, Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Leo inahusu nini?

Dhahabu imechukua nafasi ya pamba, ila swali ni lilelile. Mwaka 2008, kamati ya Jaji Mark Bomani, mdogo wake Paul, ilichambua sekta ya madini. Sheria ya 2010 ikaja na mrabaha unaokokotolewa kwa thamani ghafi ya madini. Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu Geita, mizani ikawa hadharani.

Ni hatua kubwa. Lakini mchimbaji mdogo aliyekopeshwa chakula na vifaa na mfadhili wake anafika sokoni mgao ukiwa umeshapangwa huko shimoni. Mizani ya haki haimsaidii sana mtu asiye na nguvu ya kujadili bei.

Bomani alilitatua hilo kwa kuwakusanya wakulima wauze pamoja. Ila tahadhari ipo: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na wakulima wakapoteza chombo chao. Wachimbaji wakiungana leo, wahakikishe chama kinabaki mikononi mwao.