Haki ya Aliyepoteza Kazi



Mwezi huu tumeazimia kusema nanyi juu ya jambo lililoingia katika nyumba zetu nyingi, na aghlabu huingia kimya kimya. Ni jambo la mtu aliyeachishwa kazi, akaenda kutaka haki yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, akaambiwa aje kesho. Kesho ikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi. Au aliambiwa kwa neno moja tu kwamba hastahiki, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Alitujia bwana mmoja, fundi wa umeme, mwenye mke na watoto watatu. Alifanya kazi Dar es Salaam kwa mwajiri mmoja muda wa miaka minne, na kila mwezi akikatwa mchango wake. Kazi zilipopungua, akapunguzwa pamoja na wenzake. Wiki tano nzima hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa nguo zake za kazi, akatoka, akaketi katika baraza ya msikiti wa mtaa wa pili mpaka baada ya alasiri, kisha akarejea nyumbani akijifanya amechoka. Na alipokwenda katika mfuko, alionyeshwa kwamba katika miezi 48 aliyofanya kazi, mwajiri alipeleka michango ya miezi 11 tu. Ombi lake likakataliwa.

Bwana huyu alitwambia maneno mawili: kwamba anaona haya kurudi pale kama ombaomba, na kwamba jambo lake amemwachia Mungu. Twataka kuyajibu yote mawili, kwani hayasemwi na yeye peke yake.

Ama neno la kuona haya, twasema kwamba kudai haki siko kuomba. Uislamu umekataza mtu mzima mwenye nguvu kunyoosha mkono kwa watu pasina dharura, nasi twalishika hilo. Lakini fedha ya mfuko huu si sadaka. Kwa sheria ya Tanzania Bara, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10, nyingine ni juu ya mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa shilingi 60,000 kila mwezi. Hilo ni jasho lake, limewekwa akiba kwa siku ya shida. Aendaye kuitaka hana la kuinamishia kichwa.

Fao hili la kukosa ajira lililetwa na sheria ya mwaka 2018. Kabla ya hapo palikuwa na mzozo mkubwa juu ya fao la kujitoa, lililoondolewa mwaka 2012, na wafanyakazi wa migodi wakalalamika sana. Chini ya sheria ya 2018, aliyeachishwa kazi, wala hakuacha kwa hiari yake, naye amechangia si chini ya miezi 18 na hajapata kazi nyingine, amewekewa fungu la asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Kwa yule mwenye 600,000 ni karibu na shilingi 200,000 kwa mwezi. Si fedha ya kujengea nyumba, lakini ni kodi ya chumba na unga wa watoto wakati baba anatafuta kazi. Kanuni hizi zaweza kurekebishwa, basi kila mtu na aulize ofisini kwanza. Na ndugu zetu wa Zanzibar wana mfuko wao, ZSSF, wenye sheria yake. Haya tusemayo ni ya Bara.

Ama neno la kumwachia Mungu, ni neno tukufu likisemwa mahali pake. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo ategemee. Na katika Suratul Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni na kuyashuhudisha, liwe dogo au liwe kubwa. Hata wazee wetu wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi asiyeweka karatasi zake, kisha akasema amemwachia Mungu, ameacha kumfunga ngamia.

Tumeuliza na kuchungua, tukaona kwamba maombi mengi hukwama kwa sababu chache.

Ya kwanza ni hii iliyompata bwana wetu: mwajiri hukata na asipeleke. Dawa yake ni mtu kutazama taarifa ya michango yake angali kazini, kila baada ya miezi michache, kwa simu au ofisini. Akiona pengo, aulize siku ile ile.

Ya pili ni majina. Hili latuhusu Waislamu zaidi kuliko wengine. Mtu ni Ali katika kitambulisho cha Taifa, Ally katika benki, na katika mkataba wa kazi ameandikwa kwa jina la babu yake. Mama ni Khadija hapa na Hadija pale. Nyumbani twajua ni mtu mmoja, lakini karani hawezi kujua. Wazazi, tangu cheti cha kuzaliwa cha mtoto, shikeni herufi moja wala msiibadili.

Ya tatu ni barua. Barua ya kuachishwa kazi isiyotaja sababu, au isemayo mtu ameacha mwenyewe hali ya kuwa amepunguzwa, humharibia haki yake. Usitie saini karatasi usiyoisoma, hata kama umeahidiwa kulipwa upesi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampasa mwajiri kukupa cheti cha utumishi unapoondoka. Kitake.

Na ukikataliwa, usigombane na karani dirishani. Taka sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Andika lalamiko lako, weka nakala, na ile nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mfuko una wakaguzi wenye mamlaka ya kumfuata mwajiri na kumdai yale aliyoyazuia. Lakini nao wahitaji ushahidi. Na anayeona kwamba ameachishwa kazi kwa dhulma, hiyo ni daawa nyingine, nayo hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wengi wamepoteza haki hii kwa kungoja fao kwanza, wakidhani mambo hayo mawili ni moja.

Turudi kwa bwana wetu. Tulimnasihi aende nyumbani amwambie mkewe ukweli, kabla ya kwenda ofisi yoyote. Alikwenda usiku ule, akasema. Mkewe alinyamaza kitambo, kisha akainuka akaleta kopo la biskuti kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na karatasi za mshahara za mumewe, ambazo yeye bwana alikuwa akizitupa juu ya meza kila mwezi na bibi akiziokota. Alikuwa nazo zaidi ya thelathini, na katika kila moja mchango umeandikwa kuwa umekatwa. Mpaka tunapoandika haya, michango ya miezi minane iliyokuwa imepotea imeshaingizwa daftarini, ikawa 19, na ombi lake limepokelewa upya. Bado hajapata hata senti. Lakini hatoki tena asubuhi kwenda kukaa barazani. Hutoka kutafuta vibarua, na mkewe ajua alipo. Wiki tano za kuona haya zilikuwa hasara kubwa kuliko ile ya karani.

Sasa twasema na waajiri, na wamo Waislamu wanaosali safu ya mbele. Kumkata mfanyakazi mchango wake kisha usiupeleke ni khiyana katika amana. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na ametufahamisha kwamba mwenye kumtumikisha mtu kisha akamnyima ujira wake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Sadaka ya Ijumaa haiwezi kuifuta haki ya mtu.

Na makarani wa mifuko nao wamebeba amana. Mwambieni mtu siku ya kwanza yote yanayopungua katika karatasi zake, msimpe moja leo na jingine mwezi ujao. Nauli ya kuja kwenu ni chakula cha watoto wake.

Na mwenye kudai naye amche Mungu. Aliyeacha kazi kwa hiari asitafute barua ya uongo, na aliyepata kazi katika mwezi wa pili aseme. Fungu lile ni la watu wengi, na ukila isivyo haki umemla mwenzako aliye katika shida kama ile uliyokuwamo wewe.

Mwisho twasema na majirani. Katika aya ya 273 ya Suratul Baqara wametajwa mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri, kwa jinsi wanavyojizuia wasiombe. Basi mtazameni yule aliyekaa barazani tangu asubuhi na nguo za kazi. Msingoje aseme. Mpeni mkopo usio na riba mpaka haki yake itoke, na kamati za misikiti zikumbuke kwamba wenye kulemewa na madeni wamo katika wale wanane wanaopewa zaka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya riziki waliofungiwa, na awape wenye haki kuifikia haki yao. Amin.