Anayekupigia kuhusu Google ni nani?

Ikiwa una kibanda cha kushonea nguo pale Kariobangi au saluni mtaani Umoja, huenda umewahi kupigiwa simu na kijana mwenye sauti tamu anayedai ametumwa na Google. Anasema duka lako litaondolewa kwenye ramani usipotuma elfu tano leo hii. Ukizituma, litatokea la kwanza kila mteja anapotafuta.

Yote mawili ni uongo. Kuandikisha biashara kwenye ramani hiyo ni bure, na Google yenyewe imesema wazi kuwa hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza.

Lakini elfu tano utazitafuta tena. Kibaya zaidi ni pale anapokuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, eti za kuthibitisha tu. Hizo ndizo ufunguo wa duka! Akizipata, anaweza kuweka nambari yake mahali pa yako, na wateja wako wa miaka mingi wakawa wanampigia yeye na kumtumia arabuni kwa M-Pesa.

Naye anayekuundia tovuti, muulize mapema jina linaloishia kwa .co.ke amelisajili kwa jina la nani. Wapo (sisemi wote) wanaojiandikisha wenyewe, nanyi mkikosana unabaki na kibao cha mlangoni tu. Shirika la KeNIC, linalosimamia majina hayo, lina orodha ya kampuni zilizoidhinishwa kuyasajili. Mwombe mwanao aliye chuoni mkaitazame pamoja.