Glavu ya Muuguzi Yakinga Kiasi Gani?



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya kitu chepesi ambacho kila aliyefika hospitali amekiona, wala pengine hakukifikiria hata mara moja, nacho ni glavu za mpira anazovaa muuguzi mikononi mwake.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni hii. Siku ya Idi alitujia binti mmoja tuliyemsomesha chuoni tangu alifu na be, na leo ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa saratani. Alikuja na mama yake kutuamkia, kama ilivyo desturi. Katika mazungumzo mama akasema kuwa hana wasiwasi na kazi ya mwanawe, kwani amemwona akivaa mipira mikononi, "na mpira, Maalim, haupitishi maji." Binti akainamisha kichwa, kisha akajibu polepole, "Maji haupitishi, mama. Dawa ni jambo jingine." Baadaye alipoingia ndani kwa watu wa nyumbani kwetu alitoa lililomo moyoni: kwamba ana mimba ya miezi miwili, na kwamba wodini kwao mara nyingi hupewa jozi moja tu ya glavu nyembamba, na anaona haya kumwambia mkubwa wake asije akadhaniwa mvivu. Ametupa ruhusa kuliandika hili bila ya kumtaja.

Sisi si matabibu. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini maneno yale yalitukaa, tukawauliza wenye ujuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yafaa tujue dawa zenyewe asili yake ni nini. Katika mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani lilitupa karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, sumu iliyoitwa gesi ya haradali. Iliunguza ngozi na macho. Na waganga waliowachunguza waliodhurika waliona pia kwamba chembe nyeupe za damu yao zimepungua mno. Hapo ndipo lilipotoka wazo la tiba. Mwaka 1942, katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, wataalamu Louis Goodman na Alfred Gilman walisimamia majaribio ya kumtibu mgonjwa wa saratani ya tezi kwa dawa iliyo ndugu ya gesi ile, na uvimbe ukanywea. Kwa kuwa ilikuwa wakati wa vita, habari hiyo ilifichwa hata mwaka 1946. Dawa ya siklofosfamidi, inayotumika mpaka leo katika hospitali nyingi, ni ya ukoo huohuo.

Basi si ajabu kwamba dawa hizi ni kali. Kazi yake ni kuziua chembe za mwili zinazozaana upesi, na haziwezi kutenga barabara baina ya chembe za ugonjwa na chembe nzima. Baadhi yake zaweza zenyewe kuleta saratani nyingine baada ya miaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, limeiweka siklofosfamidi katika kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kuwa huleta saratani kwa binadamu. Mgonjwa huikubali hatari hiyo kwa kuwa anatafuta uzima wake. Lakini muuguzi hana maradhi. Yeye hupata tone leo na tone kesho, mwaka baada ya mwaka, wala hapati faida yoyote ya dawa hiyo mwilini mwake.

Jambo hili halikujulikana upesi. Mwaka 1979 wataalamu wa Finland walipima mikojo ya wauguzi waliokuwa wakizishika dawa hizi, wakaona ina dalili za vitu viwezavyo kuharibu mbegu za uhai ndani ya chembe, zaidi ya mikojo ya watu wasiofanya kazi hiyo. Mwaka 1985 ukatangazwa uchunguzi mwingine wa hukohuko Finland, ulioonyesha kwamba wauguzi walioshika dawa hizi katika miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, mimba zao ziliharibika zaidi kuliko za wenzao. Hapo ndipo swali la glavu lilipokuwa swali kubwa.

Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba glavu ya hospitali yenyewe ilianza kwa ajili ya kumkinga muuguzi na dawa. Katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, kwenye mwaka 1889, muuguzi Caroline Hampton aliharibika ngozi ya mikono kwa dawa ya zebaki iliyokuwa ikitumika kuulia vijidudu. Tabibu mkuu wa upasuaji, William Halsted, akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira, na mwaka uliofuata wakaoana. Faida ya kumkinga mgonjwa na vijidudu ilikuja kutambuliwa baadaye. Nia ya kwanza ilikuwa mikono ya muuguzi.

Sasa tuje kwenye neno la yule mama, kwamba mpira haupitishi maji. Amesema kweli, lakini si kweli yote. Kila nyumba ya kwetu yaujua mtungi wa udongo. Mtungi mzima, usio na ufa wala tundu, ukiujaza maji jioni, asubuhi utaukuta umeloa kwa nje. Maji hayakumwagika, yamepenya katika udongo wenyewe polepole. Glavu nayo ni hivyo. Hata ikiwa haina tundu, dawa huweza kupita baina ya chembe za mpira, kidogo kidogo, mpaka ifike upande wa pili kwenye ngozi. Basi swali la mwenye akili ni hili: yapenya dawa gani, katika mpira gani, baada ya muda gani?

Wataalamu hulijibu kwa kipimo. Marekani, tangu mwaka 2005, kuna kanuni maalumu ya kuzipima glavu kwa dawa za saratani. Kipande cha glavu huwekwa katikati ya chombo, upande mmoja dawa, upande wa pili maji safi. Chombo hupashwa joto la nyuzi 35, kwa kuwa mkono wa binadamu una joto, na dawa hupenya upesi zaidi penye joto. Kisha huangaliwa ni dakika ngapi zitapita mpaka dawa ianze kutokea upande wa pili kwa kadiri ya mikrogramu 0.01 kwa kila sentimita ya mraba katika dakika moja. Kadiri hiyo ni sehemu moja katika sehemu milioni mia za gramu. Kipimo huendelea hata dakika 240, yaani saa nne.

Matokeo yake yanatufundisha mambo matatu. La kwanza, mpira si mpira. Glavu za vinili, zile pana zinazopwaya, ambazo hutumika hata majikoni, hazifai kabisa kwa kazi hii. Glavu za nitrili na za lateksi nene huzizuia dawa nyingi kwa muda wa saa nne zote za kipimo. La pili, dawa si dawa. Karmustini na thiotepa zina chembe ndogo zinazopenda mafuta, nazo hupenya katika glavu nyingi mapema sana kuliko nyinginezo, hata baadhi ya watengenezaji huandika kwenye sanduku kwamba glavu hizi zisitumike kwa karmustini. La tatu, nambari iliyoandikwa kwenye sanduku si ruhusa ya kukaa nayo saa nne. Katika chombo cha kipimo glavu imetulia. Lakini mkono wa muuguzi wakunja, wavuta, wasugua, na mpira uliovutwa huwa mwembamba na hupitisha upesi zaidi.

Kwa ajili hiyo wenye ujuzi wameweka masharti, nasi twayaandika ili kila mwenye mtoto katika kazi hii ayajue:

Kwanza, glavu ziwe zimepimwa kwa dawa za saratani, na jambo hilo liwe limeandikwa kwenye sanduku. Pili, zivaliwe jozi mbili: ya ndani ipite chini ya mkono wa gauni la kujikinga, na ya nje ipite juu yake. Tatu, zibadilishwe kila baada ya dakika 30, na papo hapo zikichanika au zikimwagikiwa. Nne, zisiwe na unga ndani, kwani unga hunyonya dawa na kuipeperusha. Marekani imezipiga marufuku hospitalini glavu za unga tangu Januari 2017. Tano, mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Dawa ya kupaka ya spiriti huua vijidudu, lakini haiiui dawa ya saratani.

Tena kuna kosa ambalo wengi hawalioni. Dawa hizi aghalabu huwa zimeshika hata nje ya kichupa chake, kabla hakijafunguliwa. Muuguzi akishika kichupa kwa glavu, kisha kwa glavu zilezile akashika kalamu, simu na kitasa cha mlango, amejikinga yeye akamwekea sumu mwenzake. Mfagizi atakayekuja nyuma yake hana hata jozi moja.

Wala jambo hili haliishii hospitalini. Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya kutiwa dawa, mabaki yake hutoka katika mkojo, kinyesi na matapiko kwa muda wa siku mbili hivi, na baadhi ya dawa hukawia zaidi. Basi anayemwuguza na avae glavu anapoondoa uchafu huo, na aoshe mikono baadaye. Nguo na shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Mwenye choo cha kuvuta maji afunike kifuniko na avute mara mbili. Vidonge vya saratani visisagwe wala visivunjwe. Na mja mzito au anayenyonyesha apewe kazi nyingine. Lakini twamwomba kila mtu asilifahamu hili vibaya akamtenga mgonjwa. Kumpa mkono, kumkumbatia, kukaa naye na kula naye hakuna madhara. Anayemwogopa mgonjwa amemzidishia maradhi juu ya maradhi.

Basi jibu la swali letu ni kwamba glavu njema yakinga, na yakinga sana, lakini haikingi milele wala haikingi peke yake. Yampa muuguzi muda, na muda huo una mwisho. Ukipita, aliyevaa hana habari, kwa kuwa dawa inayopenya haiwashi wala haionekani. Ndiyo sababu jukumu hili haliwezi kuachiwa mikono ya binti mmoja. Anayemtuma mtu kazi ya moto sharti ampe koleo. Mkubwa wa wodi anayegawa jozi moja mahali pa mbili, na mnunuzi anayechagua glavu rahisi bila ya kusoma sanduku, hao wameweka akiba ya shilingi chache katika miili ya watu wengine.

Na vijana mnaosoma kazi hizi twawaambia: kuuliza si uvivu, na kujikinga si woga. Yule binti tulimshauri aseme. Alikwenda akasema, na mkubwa wake akampeleka kitengo kingine mpaka atakapojifungua. Lakini mwenzake aliyeshika nafasi yake angali anavaa jozi moja, na jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike.