Programu mpya si lazima iwe salama

UGUNDUZI uliofanywa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund wa Microsoft ulidhihirisha kwamba kuchagua chombo cha kusakinishia programu si suala la kasi tu, bali pia la uaminifu.

Freund alibaini kuwa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili katika Linux, yalikuwa yamefichwa njia ya siri ya kumwezesha mvamizi kuingia katika kompyuta za wengine.

Matoleo hayo yalikuwa yameshafika katika maghala ya majaribio ya Debian, inayotumia apt, na Fedora, inayotumia dnf. Hata hivyo, ghala thabiti la Debian, lisilopokea matoleo mapya kwa pupa, lilinusurika.

Hivyo basi, linalofaa kupimwa kwanza si chombo bali ghala kinakochota na wanaolilinda. Anayependa mapya atafurahia pacman ya Arch. Lakini hospitali, benki na afisi za serikali heri zisubiri. Kusubiri huko si kukaa na kasoro, kwani Debian huziba nyufa za kiusalama katika matoleo ya zamani bila kuyabadilisha mengine.