Mashine za presha nazo zipigwe muhuri



Nami natoa dukuduku langu kuhusu mashine za betri za kupima presha, ambazo siku hizi zimeenea kila mahali.

Ukishuka stendi ya mabasi utamkuta kijana ameweka mizani ya uzito chini, na pembeni juu ya kiti cha plastiki ameweka mashine ya presha. Ukiingia duka la dawa ipo. Kwenye mabanda ya Sabasaba na Nanenane zipo, na watu wanapanga foleni. Majumbani nako zimeingia, kwa sababu mtoto akipata kazi mjini siku hizi zawadi anayomletea baba yake si redio tena bali ni mashine ya presha.

Mimi silipingi jambo hili hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya watatu duniani ana presha ya kupanda, na karibu nusu ya watu hao hawajui kwamba wanayo. Ugonjwa wenyewe hauumi. Mtu anaweza kulima, kucheza bao na kuoa mke wa pili huku mishipa yake inaharibika. Kwa hiyo mashine inayomfuata mwananchi pale alipo ni jambo la heri. Ninachouliza ni kitu kimoja tu: mashine yenyewe inapimwa na nani?

Tutazame mizani ya bucha. Tunayo Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na tunao Wakala wa Vipimo ambao hupita kila mwaka kukagua mizani na pampu za mafuta na kubandika stika. Mwenye bucha akikutwa na mizani isiyohakikiwa anajua kinachomngoja. Tumepiga vita hata lumbesa, ili mkulima wa viazi asipunjwe. Basi robo kilo ya nyama ina mlinzi, lakini mashine inayoamua kama mtu ameze vidonge mpaka mwisho wa maisha yake sijaiona na stika. Nimekuwa nikizichungulia mashine hizo kwa makusudi kwa muda wa mwaka mzima hapa mjini kwetu, madukani na barabarani. Sijaona hata moja.

Labda wasomaji wengine hawafahamu namna mashine hizi zinavyofanya kazi, na ndipo lilipo jambo lenyewe. Zamani mganga alikuwa na mashine ya zebaki. Mkanda ule wa kufunga mkononi na kujaza upepo ulianzishwa na Mtaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza kusikiliza mshipa kwa stetoskopu. Mganga alisikia sauti ya damu ikianza kupita, akasoma namba ya juu. Sauti ilipopotea akasoma namba ya chini. Zebaki ilipanda na kushuka mbele ya macho yenu wawili. Haikuhitaji betri.

Lakini zebaki ni sumu, na kwa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kwamba baada ya mwaka 2020 mashine hizo zisitengenezwe tena wala kuingizwa nchini mwa mtu. Nakubali. Ila tukumbuke kwamba zebaki ndiyo iliyokuwa rula ya mashine nyingine zote. Rula tumeiweka kando, je, mahali pake tumeweka nini?

Mashine ya betri haisikilizi sauti yoyote. Inachofanya ni kuhisi mtikisiko wa upepo ndani ya mkanda kila moyo unapopiga. Pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kuliko kote, hapo mashine inapata presha ya wastani. Zile namba mbili tunazoziona kwenye kioo zinapatikana kwa hesabu inayofanywa ndani ya mashine, na kila kiwanda kina hesabu yake, tena ni siri ya kiwanda. Moyo usiopiga kwa mpangilio unaivuruga hesabu hiyo. Mama mjamzito mwenye dalili za kifafa cha mimba naye anaweza kuonyeshwa namba ndogo kuliko iliyo kweli, ndiyo maana mashine ya kliniki ya wajawazito inatakiwa iwe imejaribiwa kwa wajawazito wenyewe.

Ipo njia ya kimataifa ya kuijaribu hesabu hiyo. Mashine inalinganishwa na kipimo cha wataalamu wenye stetoskopu, kwa watu wasiopungua 85, na tofauti ya wastani haitakiwi kuzidi milimita 5. Mashine nyingi zinazouzwa hazijapita huko kabisa. Watafiti wa Australia walitoa taarifa mwaka 2020 baada ya kuchunguza mashine zinazouzwa kwa njia ya mtandao katika nchi yao. Kati ya zile za kufunga mkono wa juu, zilizokuwa zimethibitishwa hazikufika moja katika tano. Kati ya saa na bangili za mkononi zinazodai kupima presha, hakukuwa na hata moja. Hiyo ni Australia, nchi yenye fedha na maabara. Kwetu hapa bidhaa inafika kwa kontena, na mwenye duka anaijua kwa bei yake tu.

Hata mashine nzuri inaharibiwa na mkanda. Mjerumani Heinrich von Recklinghausen alionyesha tangu mwaka 1901 kwamba mkanda mwembamba unapandisha namba. Zaidi ya miaka 120 imepita, na kijana wa stendi bado ana mkanda mmoja kwa watu wote. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kwa mikanda ya ukubwa mbalimbali. Wale wenye mikono minene sana, walipofungwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu ilipanda kwa karibu milimita 20 zaidi ya ilivyo kweli. Mtu mwenye 125 anaambiwa ana 145! Na mwembamba mwenye mkono mdogo kuliko mkanda hupungukiwa, akaambiwa yu salama.

Hapa mtaani kwetu yupo mama ntilie mmoja, mtu wa mwili. Alipimwa nje ya duka moja la dawa akaambiwa 170 kwa 100, akauziwa vidonge pale pale bila kuulizwa neno. Baada ya wiki mbili alikuwa anaona kizunguzungu mbele ya jiko la mkaa. Alipokwenda kituo cha afya wakamfunga mkanda mpana na kumpumzisha kwanza, na daktari akamwachisha vile vidonge. Akapimwa tena siku tatu mbalimbali, na mara zote hakufika 140. Fedha zake hazikurudi.

Yupo na jirani yangu seremala, ambaye habari yake ni kinyume na ya huyo mama. Alikuwa akimeza vidonge kwa miaka minne. Akaanza kupimwa kwa kijana wa barabarani, na mara tatu mfululizo mashine ikasema 128 kwa 80. Akafurahi, akaacha vidonge. Mwezi wa tano akapatwa na kiharusi, na sasa mkono wake wa kulia haushiki randa. Inawezekana ni vile vidonge vilivyokuwa vimeishusha presha, na mashine ilisema kweli. Inawezekana mashine ilikuwa imechakaa. Hakuna awezaye kujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipima mashine ile tangu ilipotoka kwenye boksi.

Sitaki kusema mengi juu ya namna ya kukaa, maana wauguzi wetu wamelieleza hilo mara nyingi: upumzike dakika 5, uegemee kiti, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Mkono ukilala mapajani namba ya juu inaongezeka kwa milimita 4 hivi, ukining'inia inaongezeka zaidi ya 6. Sasa mfikirie mwananchi wa stendi. Ameshuka kwenye basi, mfuko wa mchele uko begani, kondakta anaita, naye anapimwa amesimama huku akimjibu mkewe kwenye simu. Namba itakayotoka hapo ni ya safari!

Najua watatokea watu wa kusema basi vijana hao wafukuzwe. Hapana. Kijana yule anajitafutia riziki, na pengine ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia mkulima kwamba kuna kitu kinaitwa presha. Akifukuzwa yeye, ile nusu ya watu wasiojijua itabaki hivyo hivyo. Mwenye bucha hatukumfukuza, tuliikagua mizani yake.

Maombi yangu kwa wahusika ni haya. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, ndiyo yenye kazi ya kusajili vifaa hivi. Itoe orodha fupi ya mashine za presha zilizopita majaribio, kwa Kiswahili, na orodha hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kila duka la dawa ili mnunuzi aisome kabla ya kutoa fedha. Anayepima watu kwa malipo, awe dukani au barabarani, alazimike kuwa na mikanda miwili, mdogo na mkubwa, na kiti cha kuegemea. Na mashine yake ikaguliwe kila mwaka, ibandikwe stika yenye mwaka ulioandikwa kwa tarakimu kubwa ambazo hata mzee asiye na miwani atazisoma.

Kuhusu sisi wenye mashine majumbani, hospitali za wilaya zitenge siku moja ya mwezi ambapo mwananchi ataleta mashine yake ilinganishwe na kipimo cha hospitali. Tozo ndogo tutalipa. Mafundi wa vifaa tiba tunao, na kulinganisha mashine mbili kwa mpira wenye njia tatu na kipimo cha upepo si kazi ya nusu siku. Itakayoonekana imepotoka, mwenyewe aambiwe pale pale, apewe na karatasi aipeleke kwa aliyemuuzia.

Linabaki swali la nani abandike stika, TMDA au Wakala wa Vipimo. Naomba ofisi hizo mbili zikae meza moja zilimalize, zisije zikatupiana mpira huku sisi tunasubiri. Mashine yangu, niliyoletewa na binti yangu mwaka juzi, iko kabatini na boksi lake. Siku itakapotangazwa nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Karani Mstaafu,
Kihonda, Morogoro.